Haki ya Mgonjwa Aliyejaa Maji Tumboni

KHUTBA YA KWANZA



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Aliyeuumba mwili na kuupa nguvu, kisha huudhoofisha Apendapo, wala hamdhulumu mja Wake katika kumpa wala katika kumnyima. Tunamshukuru, tunamwomba msaada, na tunamtaka msamaha. Tunashuhudia kuwa hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke Yake, na tunashuhudia kuwa Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mliomo humu msikitini na nyinyi mnaotusikiliza majumbani, nakuusieni pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, kwani hiyo ndiyo akiba isiyopungua.

Leo nataka kusema juu ya jambo ambalo si desturi yetu kulitaja juu ya mimbari, nalo limo ndani ya nyumba zetu. Ni kumuuguza mama, mke, dada au binti aliyepatwa na saratani ya vifuko vya mayai ya uzazi, maradhi yakamfikia mbali, tumbo lake likawa linajaa maji. Najua wako watakaoinamisha macho kwa haya. Lakini Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Na mambo haya ni dini, kwa sababu ndani yake mna haki ya mtu, na haki ya mtu itaulizwa.

Ndugu Waislamu, katika Sura ya Luqman Mwenyezi Mungu ametukumbusha taabu ya mama anayembeba mtoto tumboni huku nguvu zake zikizidi kupungua, na akaiambatanisha shukrani ya kushukuriwa Yeye na shukrani ya kushukuriwa wazazi wawili. Basi fikirini. Tumbo lile lililotubeba sisi, siku moja huenda likabeba mzigo mwingine usio na furaha yoyote mwisho wake. Mama huyo hawezi kuinama, hawezi kulala chali, akila matonge mawili ameshiba, akipanda ngazi tatu pumzi zinamwishia. Alipotubeba sisi aliomba ifike siku ya kujifungua. Mzigo huu wa sasa atautua kwa nani, ikiwa wale aliowabeba hawapo?

Ni vyema tuyajue maradhi haya, maana ujinga wetu humwumiza mgonjwa mara ya pili. Ndani ya tumbo mna utando mwembamba unaofunika kuta zake na matumbo, na baina ya kunjo zake mna majimaji machache ya kulainisha. Saratani ya vifuko vya mayai ikikua huweza kupandikiza mbegu zake juu ya utando huo. Mbegu hizo huvujisha majimaji, na wakati huo huo huziba njia ambazo mwili ulikuwa ukiyarudishia. Kinachoingia ni kingi, kinachotoka ni kidogo, na tumbo hupanda kama mtungi ulio chini ya bomba lisilofungwa. Maji hayo huisukuma juu nyama inayotusaidia kupumua, ndipo mgonjwa akatweta. Hulibana tumbo la chakula, ndipo akakinai. Huibana mishipa irudishayo damu kutoka miguuni, ndipo miguu ikavimba.

Jambo hili si geni kwa wanazuoni wetu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 Hijria, sawa na 1037, na matabibu wenziwe wa Kiislamu waliyajua maradhi ya kujaa maji na wakayaita istiskai. Waliyagawa mafungu, na fungu moja wakalipa jina la kiriba, kwa kuwa mgonjwa wake tumbo lake huwa kama kiriba kilichojazwa. Wala si kila tumbo lililojaa maji ni saratani. Ini lililoharibika hujaza maji, moyo uliodhoofika hujaza maji, na kifua kikuu kikiingia tumboni hujaza maji. Kwa hiyo mwanamke ambaye tumbo lake limevimba kwa majuma kadhaa na halipungui, au anashiba upesi isivyo kawaida yake, au anaumwa chini ya kitovu, au anakwenda haja ndogo kila mara, na aende kwa daktari apimwe. Maradhi haya hujificha nyuma ya dalili za kila siku, na wengi hugunduliwa yakiwa yamekwisha enea.

Sasa nitakusimulieni kisa changu mwenyewe. Nakisimulia ili kiwe onyo kwenu, na aibu iliyomo ndani yake ni yangu mimi.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki. Alikuwa mjane. Mwaka mmoja, baada ya Ramadhani, tumbo lake lilianza kukua. Mimi nilikuwa wa kwanza kumwambia ni upepo, apunguze mihogo na maharage. Katika zahanati alipewa dawa za vidonda vya tumbo. Jirani mmoja akasema ni shetani, akaletewa kombe, kisha akapikiwa mizizi. Na wengine, Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na wao, walitazamana alipopita, wakahesabu miaka tangu mumewe afe, wakanong'ona. Dada akaacha kwenda harusini. Kisha akaacha maulidi. Kisha akaacha hata kuketi barazani jioni. Sisi tukasema, amechoka tu.

Enyi Waislamu, mnajua kuwa kumsingizia mwanamke mtahirifu ni katika madhambi makubwa, na kuwa Sura ya Nur ilishuka kumtakasa Bibi Aisha baada ya ndimi za watu kumla mwezi mzima. Wengine walioingia katika uzushi ule walikuwa watu wanaosali, ila walikisikia kitu wakakipokea na kukipitisha. Tumbo la mwanamke si ubao wa tangazo tuusome tupendavyo. Aliyenena juu ya tumbo la mgonjwa kwamba ni mimba ya haramu, au kwamba ni uchawi wa fulani, amechukua mzigo mkubwa. Na atake radhi leo, mgonjwa angali hai.

Dada yangu alipopigwa picha ya mawimbi ya sauti, maji yalionekana, na sababu yake ikaonekana. Tulivuka bahari kwa boti kutoka hapa Unguja kwenda Dar es Salaam, na huko tukaambiwa kwa upole kuwa maradhi yamefika mbali, yatatibiwa ili yapungue na yamchelee, lakini haitarajiwi kuwa yatakwisha.

Tuliporudi, nilifanya nilichokijua. Kila usiku baada ya sala ya Isha nilikwenda kwake, nikakaa juu ya kiti karibu na mlango, nikasoma, kisha nikampa mawaidha ya subira, kisha nikaaga. Niliona nimetimiza. Usiku mmoja nilipokuwa katika mawaidha hayo aliinua mkono akaniambia: "Ndugu yangu, subira Mwenyezi Mungu kanipa. Ninachokosa ni mto wa tatu. Nikilalia miwili, pumzi inakatika."

Nilikuwa nimekwenda kwake siku ishirini mfululizo, na sikujua kuwa mgonjwa wangu halali. Nilirudi nyumbani nikautwaa mto wangu mwenyewe, nikampelekea. Usiku ule sikusoma kitu. Nilimwinua, nikampangia mito mgongoni mpaka akaketi nusu, nikakaa chini karibu naye. Alilala saa tatu. Nami nikajua kuwa nilikuwa nikimhutubia mtu ambaye nilipaswa kumhudumia.

Ndugu zangu, tazameni dini yetu inauweka wapi uuguzi. Mwaka wa 2 Hijria, sawa na 624, Mtume (S.A.W.) alitoka kwenda Badri. Bibi Ruqayya, binti yake, mke wa Sayyidna Uthman bin Affan, alikuwa mgonjwa sana. Mtume akamwamrisha Uthman abaki Madina amuuguze mkewe. Vita vikapiganwa, Waislamu wakashinda, na Zaid bin Haritha alipoleta habari ya ushindi Madina aliwakuta watu wamekwisha mzika Bibi Ruqayya. Sasa sikilizeni. Mtume (S.A.W.) alimpa Uthman fungu lake katika ngawira, na akambashiria ujira wake, kama mtu aliyehudhuria Badri.

Zingatieni mambo mawili katika habari hii. Kwanza, aliyeambiwa abaki kitandani kwa mgonjwa ni mwanamume, na mwanamume huyo ni khalifa wa tatu wa Uislamu. Basi asiseme mmoja wetu kwamba kumwinua mke, kumbadilisha nguo na kumshikia beseni ni kazi ya mabinti. Pili, mgonjwa wa Uthman hakupona. Kwa hesabu ya watu, uuguzi wake haukuleta kitu. Lakini kwa Mwenyezi Mungu ujira wake haukupungua hata chembe, kwa sababu hakuamrishwa kuponya. Aliamrishwa kuuguza. Kuponya ni kwa Mwenyezi Mungu, na kuuguza ni kwetu. Asiyeyatenganisha mambo haya mawili, siku daktari atakapomwambia kuwa hakuna tena matumaini ya kupona, ataona kazi yake imekwisha, na atamwacha mgonjwa peke yake katika saa anayomhitaji zaidi.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu atughufirie mimi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, katika khutba ya kwanza tumeijua haki ya mgonjwa. Sasa tuone inavyotekelezwa, jambo baada ya jambo, ili anayetusikiliza na mgonjwa yuko chumba cha pili apate la kufanya leo hii.

La kwanza ni kumtoa maji. Daktari humchoma mgonjwa sindano ya ganzi ubavuni mwa tumbo, kisha hupitisha mrija mwembamba, na maji hutoka taratibu. Huweza kutoka lita tano na zaidi. Hutazamwa mapigo na nguvu ya damu yake, maana huweza kushuka. Watu wetu wana msemo kwamba anayetolewa maji hufa upesi. Msemo huu umewaacha wagonjwa wengi wakitweta bure. Mgonjwa anapokufa baada ya kutolewa maji, mara nyingi kinachomwua ni maradhi aliyokuwa nayo, na maji yalitolewa kwa sababu maradhi yale yalikuwa yamezidi. Kazi hiyo ina hatari zake kama kila tiba, nazo huangaliwa na wajuzi, lakini nafuu yake huonekana siku ile ile.

Dada yangu alipotolewa maji mara ya kwanza alilala ubavu, akala sahani ndogo ya wali na samaki, akataka atolewe barazani. Baada ya siku kumi na mbili tumbo likawa limejaa tena. Mwanawe akalia, akasema: "Mama, tulikwenda kwa faida gani?" Akamjibu: "Mwanangu, siku kumi na mbili nimelala usingizi. Umeziona chache?"

Ndugu Waislamu, maji haya hurudi. Kwa mmoja hurudi baada ya siku chache, kwa mwingine baada ya majuma, na tiba ya saratani ikimkubali huenda yakachelewa zaidi. Katika baadhi ya hospitali huwekwa mrija wa kudumu ili maji yatolewe nyumbani. Lakini ajuaye kuwa maji hurudi asivunjike moyo. Uji tuliomnywesha jana haukumzuia kuona njaa leo, na hatukusema kuwa tulifanya bure. Maji yakirudi, nasi turudi.

La pili ni kulala, kula na kunywa. Mgonjwa huyu hupumua vizuri akiwa ameketi nusu, ameegemea. Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe, katika maradhi yake ya mwisho mwaka wa 11 Hijria, alifariki akiwa ameegemea kifuani kwa Bibi Aisha, naye ndiye aliyemlainishia mswaki akausafisha mdomo wake. Mtazame mama huyu wa Waumini: alikuwa mto wa mgonjwa wake. Basi mpeni mgonjwa mito, mgeuzeni, mpakeni mafuta ngozi iliyotanuka, mvisheni nguo pana isiyombana kiunoni, msafisheni kinywa, na miguu iliyovimba iinuliwe anapoketi.

Chakula apewe kidogo kidogo, mara nyingi: uji, supu, yai, samaki, maziwa, kila kimoja kwa wakati anaoutaka yeye. Bibi Aisha alikuwa akiamrisha uji mwepesi wa shayiri kwa mgonjwa na kwa mwenye huzuni. Na Tirmidhi amepokea hadithi inayokataza kuwalazimisha wagonjwa kula. Mgonjwa akiisukuma sahani, hajamdharau mpishi. Tumbo lake halina nafasi. Wala msimnyime maji ya kunywa kwa kudhani kuwa ndiyo yanayojaa tumboni. Maji yale hayatokani na gilasi anayokunywa, na kumwacha na kiu ni kumwadhibu, isipokuwa daktari wake ameagiza kiasi maalumu.

La tatu ni kujua hatari. Akipata homa, au tumbo likaanza kuuma kwa nguvu, au mahali pa sindano pakawa pekundu na kutoa usaha, au akatapika mfululizo na kukosa choo na upepo, au akakatikiwa na pumzi ghafula, au mguu mmoja ukavimba na kuuma kuliko mwenzake, au akaanza kuweweseka, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali.

La nne ni maumivu. Wako wanaomnyima mgonjwa dawa kali za maumivu wakidhani kuwa ni haramu kama ulevi, au kuwa kuugua kimya ndiyo subira. Dawa ya maumivu kama mofini, inayotolewa na daktari kwa kipimo chake, ni tiba, na haja ya mgonjwa inajulikana katika Sharia. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki wako waliojifunza kazi hii. Hospisi ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1990, na ile ya Uganda mwaka 1993, na ya Uganda imejulikana kwa mofini ya maji inayonywewa nyumbani kwa mgonjwa. Ulizeni huduma hiyo hospitalini kwenu. Na mgonjwa akiugua kwa sauti, msimkemee kwa jina la subira. Nabii Ayyub alimlalamikia Mola wake dhara lililompata, na pamoja na hayo Mola wake akamsifu kuwa ni mwenye kusubiri.

La tano ni kumsikiliza. Imepokewa katika Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) alipokuwa mgonjwa, watu wa nyumbani walimtia dawa kinywani naye akiwaashiria wasifanye hivyo. Wakasema, hiyo ni chuki ya mgonjwa kwa dawa. Alipopata nafuu aliwalaumu. Basi ni nani sisi tumnyweshe mgonjwa mizizi kwa nguvu, au tufiche barua ya daktari chini ya godoro, au tuamue safari yake barazani naye yu chumbani akisikia? Yeye ndiye mwenye mwili. Ana wasia wa kuandika, ana deni la kulipa, ana mtu wa kupatana naye. Anayeuliza hali yake na ajibiwe kweli kwa upole. Na akisema amechoka na tiba nzito ambayo faida yake haitarajiwi, wanazuoni wa madhehebu yetu hawakusema kuwa kujitibu ni faradhi juu ya kila mgonjwa kwa kila hali. Msimwambie kuwa anajiua.

La sita ni ibada yake. Sahaba Imran bin Husain (R.A.), ndiye aliyemwuliza Mtume juu ya sala ya mgonjwa, akajibiwa kuwa asali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, maji yatokayo kwa tundu la sindano ya tumboni hayatengui udhu, kwa kuwa hayakutoka katika njia mbili. Bandeji iliyo tumboni haiuzuii udhu, kwani tumbo si kiungo cha udhu. Maji yakimdhuru, atayamamu. Kuhusu kukusanya sala mbili kwa ugonjwa wanazuoni wamehitilafiana, na Imam Nawawi katika wanazuoni wetu ameiona kauli ya kuruhusu kuwa ina nguvu. Saumu ya mgonjwa asiyetarajiwa kupona ni fidia, kibaba cha chakula kwa kila siku. Na akikosekana daktari mwanamke, dharura inaruhusu mwanamume amtibu kwa kadiri ya haja. Msimcheleweshe mgonjwa kwa jambo ambalo dini imelifungua.

La saba ni kumzuru. Imran bin Husain huyo huyo alipatwa na maradhi ya kujaa maji tumboni, na Ibn Saad ameandika kwamba alikaa nayo miaka thelathini. Mwenzake Mutarrif alimweleza kuwa kinachomzuia kuja kumtazama ni ile hali anayomwona nayo. Imran akamtuliza kwa kumjulisha kuwa alipendalo Mwenyezi Mungu zaidi ndilo alipendalo yeye zaidi. Ndugu zangu, wengi wetu ni Mutarrif. Hatumchukii mgonjwa. Tunashindwa kuutazama mwili wake ulivyogeuka, uso umekonda na tumbo limepanda, basi tunasema tutakwenda kesho. Lakini katika hadithi aliyoipokea Muslim, Mwenyezi Mungu atamwuliza mja Siku ya Kiama kwa nini hakumzuru Alipokuwa mgonjwa, na mja atakaposhangaa ataambiwa kuwa lau angalimzuru mja fulani aliyeugua, angalimkuta Mwenyezi Mungu kwake. Enendeni. Mkae kidogo, msitazame tumbo, mtazameni macho yake, mwulizeni anataka nini. Na mkiona nguo chafu, zifueni.

La nane ni anayeuguza. Naye ana mwili, na mwili wake una haki juu yake. Binti anayeamka mara nne kwa usiku hawezi kuendelea hivyo miezi sita. Nyinyi jamaa wekeni zamu, mmoja ashike usiku huu na mwingine usiku ujao. Nyinyi majirani pelekeni chungu cha chakula. Nyinyi wenye mali, nauli ya boti na gharama ya hospitali ya maskini ni mahali pa zaka zenu, kwani maskini mgonjwa hajaacha kuwa maskini. Na nyinyi wanafunzi wa madrasa mnaotusikiliza, kumchotea maji mwenye kuuguza ni darasa ambalo hamtalipata katika kitabu.

Nitamalizia kwa tumaini. Mtume (S.A.W.) amewahesabu miongoni mwa mashahidi wale wanaokufa kwa maradhi ya tumbo. Imam Nawawi, katika kuisherehesha Sahihi ya Muslim, ametaja kuwa wako wanazuoni waliosema kwamba hao ni pamoja na mwenye kujaa maji na kuvimba tumbo. Sisi hatumkatii mtu hukumu ya Akhera, lakini tunamtarajia, na tumaini hilo tumwambie mgonjwa, wala tusimnyime.

Dada yangu alitolewa maji mara tano. Baada ya mara ya tano alisema inatosha, akabaki nyumbani na dawa zake za maumivu. Tulikuwa watu sita katika zamu. Alifariki alfajiri, ameegemea mito, mkono wake umo mkononi mwa mwanawe. Mto ule niliompelekea nimerudishiwa, na kila niuonapo hujiuliza zile siku ishirini nilikuwa nikifanya nini.

Enyi Waislamu, mkitoka hapa kila mmoja afikiri: katika ukoo wangu, katika mtaa wangu, ni nani aliyejifungia ndani kwa maradhi yake? Kisha aende kwake leo, kabla ya Magharibi.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, na Ulioamua kuwachukua wapunguzie maumivu na Uwakhitimishe kwa kheri. Ewe Mola wetu, wape nguvu wanaowauguza, na Uwalipe kwa kila usiku waliokesha. Ewe Mola wetu, tusamehe kwa kila mgonjwa tuliyempa maneno naye akitaka mkono. Warehemu wazazi wetu waliotubeba, walio hai na waliotangulia. Uwape madaktari wetu elimu na huruma. Na rehema na amani Zako zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake wote.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.